Kikohozi cha Kwenye Kona

Nyanchama hakuwahi kukata kona bila kukohoa. Iwe kona ya nyumba, kona ya kiwanda au kona ya njia inapoingia kati ya michai, alisimama, akatua kapu kana kwamba limemlemea, akakohoa kikohozi kikavu cha mtu asiye na ugonjwa wowote, akangoja kidogo, ndipo akapita. Alikohoa kanisani siku ya Sabato. Alikohoa mtoni, mahali pa wanawake watupu. Alikohoa hata alipokwenda kwao Ugusii, mwendo wa kulala njiani, ambako yule aliyekuwa akimkoholea hakuwako wala hangeweza kuwako.

"Mama, huku hakuna mtu," binti yake Phelis alikuwa akimwambia.

"Mtu huwa hayuko mpaka awepo."

Aliyekoholewa alikuwa Ratemo, mume wa Phelis. Kwa Wagusii, ambao shambani waliitwa Wakisii, mwanamke na mume wa binti yake hawakutani ovyo. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatajani majina. Hiyo huitwa chinsoni, aibu isiyotokana na kosa bali na heshima, na anayeivunja hutazamwa kama mtu aliyepita sokoni uchi. Kikohozi kilimwambia Ratemo: ninakuja, nipishe. Naye Ratemo, kijana aliyelelewa vizuri, akiwa na kijiko mdomoni au kiatu mguuni, alitoka akajificha nyuma ya jiko mpaka mama apite.

Desturi hiyo iliwekwa na watu waliokaa vilima mbalimbali. Kwenye shamba la chai karibu na Kericho, nyumba zilijengwa kwa mstari, ukuta kwa ukuta, na kutoka mlango wa Nyanchama mpaka mlango wa mkwewe mtu angeweza kurusha gunzi la mahindi likafika. Kwa hiyo kutwa ilikuwa kikohozi na mbio, kikohozi na mbio, na Phelis katikati, akimwita mumewe arudi uji unapoa, akimwita mama aje njia ni nyeupe. Aliwapenda wote wawili. Lakini kulikuwa na siku alitamani mmoja wao awe kiziwi.

Ratemo alikuwa dresa wa shamba, mtu wa kufunga vidonda, kupasua majipu na kugawa kwinini. Alikuwa na mwenzake, Okeyo, Mjaluo wa Nyakach. Zahanati ilikuwa moja, yenye milango miwili, na mgonjwa alichagua mlango autakao. Wengi walichagua wa Okeyo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na alipokuwa akikuchoma sindano alikuwa akikusimulia kisa cha mbuzi wa shangazi yake, hata ukashtuka umekwisha kuchomwa na mbuzi bado hajafa. Ratemo hakusimulia kitu. Alinawa mikono mpaka vidole vikawa baridi kama chura, akakushika kwa nguvu, akafanya kazi yake barabara. Vidonda alivyovifunga vilipona. Lakini watu hawakumbuki kupona, hukumbuka kushikwa.

Mwaka 1933 akaja meneja mpya, mzungu mrefu aliyependa vitu vikae safu safu, na wafanyakazi wakamwita Bwana Mstari. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Phelis baadaye, kwamba balaa yote ile ilitokana na wema. Bwana Mstari aliona foleni ndefu kwenye mlango mmoja na fupi kwenye mwingine, akauliza, akafikiri, akafurahi. Siku ya Jumatatu nyapara mkuu, Ongeri, alisimama juu ya gogo akatangaza.

"Sikilizeni! Bwana amewahurumia. Kuanzia leo kila mtu atatibiwa na mtu wa kabila lake, apate kueleza ugonjwa wake kwa lugha ya mama yake. Dawa ya Wakisii itakuwa kambi ya juu, kwa Ratemo. Dawa ya Wajaluo kambi ya chini, kwa Okeyo. Mkisii akionekana chini, au Mjaluo juu, tikiti yake ya kazi itakatwa siku moja ya mshahara."

"Na Wakipsigis?" mtu akauliza.

Ongeri akafikiri. "Wao wako kwao. Waende popote."

Watu wakacheka. Nyuma ya umati Phelis akasikia kikohozi kikavu, na hapakuwa na kona.

Jipu lilianza mvua ndefu zilipokolea, kwenye paja la Nyanchama, juu kabisa, mahali ambapo mwanamke humwonyesha mkunga tu, na mkunga mwenyewe awe mzee. Mwanzoni alichuma chai akichechemea. Wanawake wenzake wakampa majani ya moto alikande mwenyewe. Halikutoboka, lilizidi kuvimba, ngozi ikang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, na homa ikampanda. Hakuweza tena kuketi. Alikula amesimama, akasali amesimama. Ombati, mumewe, mpogoaji wa michai na mtu wa maneno machache, alimtazama siku kadhaa, kisha akasema.

"Nyamwange alikuwa na jipu kama hilo. Sasa ana mguu mmoja."

"Nyamwange alichelewa," Nyanchama akajibu.

"Na wewe unafanya nini?"

Phelis alimshika mama mkono, wakateremka kambi ya chini. Karani wa mlangoni aliiangalia tikiti akawarudisha. Mkisii, juu. Phelis akauliza habari ya hospitali ya Kericho. Karani akasema huko huendi bila barua, na barua huandikwa na dresa wa kambi yako akishauona ugonjwa kwa macho yake.

"Kwa macho yake," Nyanchama akarudia walipokuwa wakipanda mlima. "Umesikia? Mumeo alitazame paja langu, halafu aandike barua juu yake. Kisha jioni aje ale ugali ulioupika wewe uliyetoka humo humo."

"Mama, yeye ni dresa. Ameona mapaja mengi."

"Ya mama zake wakwe?"

Phelis akamshika mama kiwiko, wakaendelea kupanda.

Alhamisi, siku ambayo daktari mzungu hupita mashambani, alimwomba mama ajaribu. Labda daktari mwenyewe angelipasua. Nyanchama akaenda, akafika kwenye kona ya zahanati ya juu, akasimama, akakohoa. Ndani, Ratemo akaweka mkasi mezani akatoka kwa mlango wa nyuma. Daktari akabaki na mkalimani wake tu, na alichokisikia ni kikohozi.

Phelis, aliyekuwa akingoja chini ya mti wa mkaratusi, alimwona mama akirudi na chupa.

"Ni nini hicho?"

"Dawa ya kifua."

"Ya kifua?"

"Ameniuliza ninakohoa tangu lini. Nikamwambia, tangu binti yangu aolewe. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ni ya siku nyingi, ninywe asubuhi na jioni."

"Na jipu, Mama? Hukumwambia habari ya jipu?"

"Hakuniuliza. Na mwenye kutafsiri alikuwa mtoto wa baba mdogo wa mumeo. Unataka paja langu lizunguke ukoo mzima?"

Phelis aliichukua ile chupa akaketi nayo kwenye nyasi zilizolowa, akacheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha ndani yake.

Aliyeleta ufumbuzi, kama kweli ulikuwa ufumbuzi, ni Wilkista, mwanamke wa Kijaluo aliyechuma chai safu moja na Nyanchama. Yeye naye alikuwa na ugonjwa wake ambao hakuutaja jina, na hakutaka Okeyo aujue.

"Okeyo ni shemeji yangu wa kijijini," alisema. "Mimi nikipiga chafya hapa, mama mkwe anasema pole kule Nyakach. Huyo dresa mdomo yake ni posta! Bwana yenu Ratemo hasemi kitu. Mimi nataka hiyo mtu ya kunyamaza."

"Na mimi namtaka huyo wa kusema," Nyanchama akajibu.

Wakatazamana. Wilkista akavuta tikiti yake kutoka kifuani, akamnyoshea.

"Mama Phelis, leo wewe ni mimi. Chukua hata bwana yangu ukitaka, analala sana."

Hawakumwambia Ratemo. Phelis alilifikiria, akaona haliwezekani. Kumwambia kungekuwa kumtajia paja la mama mkwe, na zaidi ya hayo Ratemo alikuwa mtu wa kweli mno. Angekwenda mwenyewe kwa nyapara akaeleza. Kwa hiyo siku ya Alhamisi iliyofuata Wilkista akapanda juu akiwa Nyanchama, na Nyanchama akateremka chini akiwa Wilkista, ameegemea bega la bintiye, midomo ameibana.

Karani akaisoma tikiti, akaita, "Wilkista!" wakaingia.

Hapo ndipo Phelis alipong'amua jambo ambalo wanawake wawili wazima, na yeye wa tatu, walikuwa wamelisahau. Wilkista alimkimbia Okeyo kwa sababu Okeyo anamjua. Sasa wamempelekea huyo huyo Okeyo mtu mwingine, wakimwambia ndiye Wilkista.

Okeyo aliinua macho. Akaitazama tikiti. Akamtazama Nyanchama, ambaye kwa maumivu alikuwa ameachama, na meno yake yote ya chini yalionekana, meupe, kamili. Wakati ule, Mjaluo wa umri wake alikuwa amekwisha kung'olewa meno ya mbele ya chini tangu usichana. Ndiyo iliyokuwa alama ya utu uzima wao.

"Shemeji Wilkista," Okeyo akasema polepole. "Pole na ugonjwa. Lakini hii meno imeota lini?"

Phelis akatamani sakafu ipasuke.

"Ni hii mvua," Nyanchama akasema. "Kila kitu inaota."

Okeyo alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Kisha akanawa mikono.

"Karatasi inasema Wilkista. Mimi ni nani nibishane na karatasi? Lala hapa, shemeji. Nilikuambia habari ya mbuzi ya shangazi yangu?"

Alipasua jipu kabla mbuzi hajavuka mto. Usaha uliotoka ulijaza bakuli, na Nyanchama, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu mvua zianze, alisinzia pale pale juu ya meza.

Kambi ya juu mambo yalikwenda vingine. Daktari alikuwa pale, wagonjwa wamejaa mlangoni, na karani akaita kwa sauti ya kanisani, "Nyanchama wa Ombati!"

Ratemo alilisikia jina ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulitamka. Akaangalia mlango wa mbele, umejaa watu. Akaangalia wa nyuma, daktari amesimama hapo akipima dawa kwenye mizani. Akatoka kwa dirisha. Kaptula yake nyeupe ikanasa kwenye ndoano, kipande kikabaki kikipepea kama bendera, na dresa akaonekana akikata katikati ya michai kuelekea msituni. Wilkista aliachwa katikati ya chumba na tikiti mkononi, akiuliza kila mtu, "Sasa mimi nimefanya nini? Hata sijaambia yeye inauma wapi!"

Jioni hiyo wote waliitwa ofisini kwa Bwana Mstari. Hata kuitwa kwenyewe kulikuwa taabu. Nyanchama alipoingia, Ratemo ilibidi atoke. Kwa hiyo alihojiwa akiwa nje, kupitia dirishani, mvua ikimnyeshea, akiwa ameufunika ule mpasuko wa kaptula kwa mkono.

"Kwa nini wewe nakimbia?" Bwana Mstari akauliza.

"Jina lilikuwa la mama mkwe wangu, bwana."

"Mama nini?"

Daktari akamweleza kwa lugha yao. Uso wa Bwana Mstari ukang'aa, kama mtu aliyepata funguo zake.

"Ah! Basi hapana shauri!" Akamgeukia Nyanchama, akimwonyesha dirisha. "Hii iko mtoto yako. Mtoto kwa sheria!"

Nyanchama, aliyekuwa bado hawezi kuketi, alimgeukia Phelis akauliza kwa Kigusii, "Anasema mimi nimemzaa mumeo?"

"Anasema umemzaa kwa sheria. Ndivyo wanavyomwita mkwe kwao."

"Sheria ya nani?"

"Yao."

Nyanchama akawaza. "Basi nimemwoza binti yangu kwa kaka yake. Na huyu anatabasamu."

Bwana Mstari alitaka kujua mama amesema nini. Phelis alimtazama. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka na mvua, na tikiti, na vikohozi, na wema wa watu wasiouliza kwanza. Huyu mtu angeweza kuamuru mguu wa mama ukatwe kwa sababu amependa mstari, na asingejua amefanya nini. Akasikia mdomo wake ukisema, kwa Kiswahili kile kile cha shambani:

"Bwana, memsahib yako iko na mama?"

"Ndiyo. Iko Ulaya."

"Akikuja hapa, apate jipu hapa," na Phelis akaonyesha juu ya paja lake mwenyewe, bila aibu, mahali hasa, "wewe utapasua?"

Mvua ilisikika kwenye mabati. Masikio ya Bwana Mstari yalianza kuwa mekundu kwenye ncha, wekundu ukashuka mpaka shingoni. Daktari aligeuka akaitazama bustani kwa makini sana, mabega yakimtikisika. Nje ya dirisha Ratemo alikuwa ameinama, haijulikani kwa aibu au kwa kitu kingine.

"Nenda," Bwana Mstari akasema. "Wote nenda."

Hakuifuta amri yake. Mtu aliyepanga mstari hapendi kuonekana akiufuta. Lakini Jumatatu Ongeri alipanda tena juu ya gogo, akatangaza kuwa mwenye ukwe na dresa wa kambi yake ana ruhusa ya kutibiwa kwa mwingine.

Ndipo ukwe ulipostawi kuliko chai. Nusu ya Wagusii wa kambi ya juu waligundua kuwa Ratemo ni mkwe wao. Wajaluo kadhaa, wenye siri, wakagundua kuwa Okeyo amewaolea. Nyakundi, kijana wa kiwandani asiye na mke wala dada, naye akaenda kwa Ongeri kuomba ruhusa.

"Mkwe kivipi?" Ongeri akafoka. "Wewe huna hata nyumba!"

"Niko njiani, mzee. Nimeanza mapema tu."

Mvua zilipoisha, kila mtu alikuwa akitibiwa na amtakaye, kama zamani za milango miwili, isipokuwa sasa ilibidi adanganye kwanza.

Kambi nzima ilicheka, na Phelis akacheka nayo, mpaka jioni moja alipomkuta Ratemo nyuma ya nyumba akinawa mikono, ananawa na kunawa, ingawa siku hiyo hakuwa amemgusa mgonjwa hata mmoja.

"Nina wakwe wengi kuliko chifu," alisema bila kuinua kichwa.

Phelis akamkaribia. Alikuwa amepigania haki ya mama kumkataa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa huyu. Alichukua vidole vyake vya baridi, akaviweka kwenye moto wa jiko, akavishika hapo.

"Mama alichagua vizuri," Ratemo akasema. "Okeyo ana mkono mwepesi. Hata mimi ningekwenda kwake."

Miaka ikapita. Bwana Mstari alihamishwa, michai ikapogolewa ikachipua, Phelis akazaa na kuzaa tena. Okeyo alikwenda Fort Ternan, kwenye reli, akisema huko watu husafiri na visa husafiri nao. Jipu likaacha kovu ambalo hakuna aliyeliona. Kilichobaki ni kikohozi cha kwenye kona, na nyuma yake hatua za Ratemo zikielekea jikoni, nzito kidogo kuliko zamani.

Mwaka 1938, mwezi wa mawe ya mvua, Nyanchama alipatwa na kichomi. Kilimwangusha shambani akiwa na kapu mgongoni, akaletwa nyumbani amebebwa kwenye blanketi. Phelis alimkuta akihema kwa taabu, kila pumzi ikimkata ubavuni. Mvua ya mawe ilikuwa imefunga barabara. Gari la hospitali lisingeweza kupanda.

Ratemo alikuja na mkoba wake, akasimama nje chini ya ukingo wa paa. Ndani, Nyanchama akakohoa. Ratemo akarudi nyuma ya jiko.

Phelis akatoka kumwita. Akaja mpaka mlangoni. Nyanchama akakohoa tena, kikohozi kirefu, kizito, chenye damu mwishoni. Na Ratemo, sasa mtu mzima na baba wa watoto, mkoba mkononi, miguu ikamgeuza, akarudi kule kule. Mara ya tatu Phelis alisimama kwenye kizingiti, mawe ya mvua yakimpiga visigino, akamtazama mama kitandani, akamtazama mumewe nyuma ya jiko, na hasira ya miaka yote ikampanda.

Lakini hakupiga kelele. Aliona kuwa asingeweza kumwingiza Ratemo kwa nguvu. Hilo alikuwa amelikataa mbele ya mzungu, asingelifanya yeye. Akapiga magoti karibu na kitanda.

"Mama," alisema. "Okeyo yuko Fort Ternan. Nitatuma mtu, lakini barabara imefungwa, na sijui kama atawahi. Ratemo yuko hapa nje. Mimi sikuchagulii. Niambie wewe unamtaka nani."

Nyanchama aliyaelekeza macho kwenye kona ya ukuta kana kwamba kuna mtu atakayetokea hapo. Kisha akavuta kanga yake, akajifunika kifua vizuri, akaunyosha mkono nje ya blanketi, juu ya kitanda, mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuushika. Baadaye usiku huo alizungumza na Mungu wake, na alfajiri, pumzi ilipomkatika, Ombati alidai alimsikia akimwita. Lakini kwa binti yake hakusema tena baada ya haya:

"Mwambie asinipishe. Hiki ni cha kweli."